Kompyuta Ilipofundishwa Kupekua Majibu ya Kinyama

Ukikatwa kinyama hospitalini, kipande hicho hulowekwa kwenye fomalini, kikazamishwa katika nta, kikachanwa vipande vyembamba kuliko sehemu ya mia moja ya milimita, kisha vikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Mwanapatholojia hutazama, halafu huandika ripoti: kiungo ni hiki, nimeona haya, ugonjwa ni huu. Ripoti hiyo ni ya mtu mmoja. Hata hivyo hospitali kubwa hutoa maelfu kila mwaka, na zikikusanyika huwa na majibu ya maswali ambayo mgonjwa mmoja hawezi kuyajibu. Kazi ni kuzipekua.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, walilijua hilo hata bila kompyuta. Rejista ya saratani ilianzishwa pale katika miaka ya 1950. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, akauita sarkoma. Mwanapatholojia Gregory O'Conor, akishirikiana na Jack Davies, akarudi kwenye kumbukumbu za saratani za watoto zilizokuwa zimehifadhiwa. Mwaka 1960 wakaeleza kwamba uvimbe ule wa taya, na mwingine uliokuwa ukionekana tumboni, ni ugonjwa wa namna moja, nao ni limfoma. Sehemu kubwa ya ugunduzi huo ilitoka masjala.

Kila mahali ripoti zilipangwa kwa namba: mwaka, kisha zamu ya kinyama kupokelewa. Ukiwa na namba, unaipata ripoti mara moja. Ukiuliza, “Nitolee wagonjwa wote wenye saratani hii ya ini,” karani anabaki akikutazama. Waliojiweza walikuwa na kadi za faharasa zilizopangwa kwa jina la ugonjwa, lakini ugonjwa mmoja ulikuwa na majina matatu, na kila daktari alikuwa na lake.

Kompyuta za miaka ya 1960 hazikuleta nafuu ya haraka. Zililishwa kadi za kutobolewa, kila moja ikiwa na safu 80, yaani herufi 80 basi. Maelezo marefu ya daktari hayakuwa na pa kukaa. Mwaka 1965 Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani kikatoa mfumo wa istilahi ulioitwa SNOP, uliogeuza utambuzi wa ugonjwa kuwa tarakimu. Uligawa kila jambo katika pande nne: mahali mwilini (T), badiliko la tishu (M), kisababishi (E) na athari katika utendaji wa mwili (F). Hapa ndipo penye akili kubwa kuliko mashine yenyewe. Kabla ya hapo magonjwa yaliorodheshwa mojamoja. Sasa yalijengwa kwa vipande.

Chukua mfano kutoka SNOMED, mrithi wa SNOP aliyekua katika miaka ya 1970. T-28000 ni pafu. M-81403 ni adenokasinoma, na ile 3 ya mwisho inasema saratani imeanzia hapohapo. Weka 6 badala ya 3, na maana inageuka: saratani imesambaa kutoka kwingine. Mtafiti aliweza kuomba saratani zote za pafu, au adenokasinoma zote popote zilipo, au zile tu zilizohamia kwenye ini. Kadi za faharasa hazikumudu hilo bila siku nyingi za kupekua.

Ila nani ataziandika hizo tarakimu? Madaktari wawili waliweza kuipa ripoti ileile namba tofauti, na aliyechoka aliandika ya jumla. Ndiyo maana Arnold Pratt na Milos Pacak, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, walijaribu kuifanya kompyuta isome maneno ya daktari na kuyageuza yenyewe kuwa namba za SNOP. Walitumia mwanya mzuri: maneno ya kitabibu huundwa kwa viambishi. Mwisho wa -itis huashiria mwako, -oma kwa kawaida uvimbe. Programu ilimega neno, ikakisia maana.

Wakati huohuo, mwaka 1966 na 1967, katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, maabara ya Octo Barnett ilizaa MUMPS, lugha ya programu iliyotungwa na Neil Pappalardo, Robert Greenes na Curtis Marble. Ilihifadhi maandishi ya urefu usiolingana bila kupoteza nafasi, na watu wengi waliweza kuitumia kompyuta moja kwa pamoja. Ripoti nzima ikapata makao. Mfumo wa hospitali za maveterani wa Marekani ulijengwa kwa lugha hiyo, ukiweka maandishi ya daktari na namba za SNOMED pamoja. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara: namba kwa kutafuta, maneno kwa kuelewa.

Kwa sababu maneno peke yake hudanganya. Tafuta “saratani” katika maelfu ya ripoti na utaletewa lundo la “hakuna dalili ya saratani”. Mtego huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 2001 Wendy Chapman na wenzake wa Pittsburgh walichapisha NegEx, kanuni rahisi ya kuangalia kama karibu na jina la ugonjwa kuna neno la kukanusha. Hata programu za leo bado hujikwaa hapo, hasa daktari anapoandika kwamba saratani “haiwezi kuondolewa shaka”.

Rejista nyingi za saratani barani Afrika sasa hutumia CanReg, programu ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, na namba zake za uvimbe ni za ukoo uleule wa SNOP. Kwako msomaji: ukipewa majibu ya kinyama, omba nakala na uitunze namba ya maabara iliyoandikwa juu yake. Ukihitaji maoni ya daktari mwingine, hiyo ndiyo itakayotumika kuutafuta mche wa nta wenye kinyama chako.