Fundi Mmoja Hatoshi

Miaka ya 1820 ugonjwa wa mlipuko uliwakumba Wainughuit, jamii ndogo ya wawindaji kaskazini-magharibi mwa Greenland, ukaondoka na wazee wengi. Hao ndio waliokuwa wakijua kuunda kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa ngozi. Kutengeneza upinde na chusa la kuchomea samaki. Na kujenga nyumba ya theluji yenye ushoroba mrefu mlangoni, ili joto lisitoroke. Walionusurika walikuwa wameviona vitu hivyo maisha yao yote, lakini kuviona si kujua kuviunda. Kulungu wakawa wanapita salama, na samaki wa mtoni hawana wa kuwachoma. Miongo kadhaa ilipita hivyo, hadi yapata 1862 walipohamia Wainuit kutoka Kisiwa cha Baffin na kuwafundisha upya.

Hakuna aliyepungukiwa akili hapo. Walichopungukiwa ni watu.

Mwanaanthropolojia Joseph Henrich alilieleza jambo hili mwaka 2004 kwa hesabu. Mwanagenzi hujifunza kwa kumtazama fundi, na wengi huishia chini yake kidogo. Mara moja moja hutokea anayempita. Penye wanagenzi elfu, huyo hakosekani, na wenzake humgeukia kumwiga. Penye kumi, huenda asitokee kabisa, na kila kizazi kikashuka kidogo.

Michelle Kline na Robert Boyd waliipima hoja hiyo visiwani Pasifiki, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Walihesabu aina za zana za kuvulia: ndoana, nyavu, mitego na kadhalika. Malekula, yenye watu wapatao 1,100, ilikuwa na aina 13. Hawaii, yenye watu kama 275,000, ilikuwa na 71. Ila Tonga ndiyo inayovutia zaidi. Watu wake hawakuzidi sana 17,000, nayo ilikuwa na aina 55. Watonga walikuwa wakisafiri na kuchangamana na majirani wa visiwa vingine, hivyo mafundi wa kuigwa hawakuishia ufukweni kwao.

Maabara nayo ilitoa ushahidi. Mwaka 2013 Maxime Derex na wenzake waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuchora kichwa cha mshale na kusuka wavu, katika makundi ya watu 2, 4, 8 na 16. Mshale haukusumbua sana. Wavu, wenye hatua nyingi, uliharibika zaidi kwenye makundi madogo.

Wapo wasioridhika. Mark Collard, kwa mfano, huonyesha kuwa kwa wawindaji ukali wa mazingira hueleza wingi wa zana zaidi kuliko idadi ya watu. Hoja hiyo ina uzito: Wainuit hawakuwahi kuwa wengi, na zana zao ni za kustaajabisha.

Kwenye miji ya leo picha hubadilika tena, na wingi wa watu hurudi kuwa na uzito. Luís Bettencourt, Geoffrey West na wenzao walionyesha mwaka 2007 kwamba mji ukiwa na watu maradufu, kipato cha kila mkazi huwa juu kwa takriban asilimia 10 hadi 15, na hataza za uvumbuzi huongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Uhalifu mkubwa na visa vipya vya UKIMWI navyo hufuata mkondo huohuo.