Tume Huru: Nani Hulipa, na Nani Huandika?

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza nini khasa maana ya "tume huru", na kwa nini Serikali itoe fedha nyingi kuchunguza siasa yake yenyewe. Suala hili latuhusu sana sisi wenye mikarafuu, kwani zao letu limechunguzwa mara nyingi.

Gharama za tume ni za namna mbili. Za kwanza huonekana: ujira wa wajumbe, nauli na malazi yao, makarani, wafasiri, na kupiga chapa ripoti. Za pili hujificha. Aghlabu makarani na wataalamu huazimwa katika idara za Serikali, na mishahara yao huendelea kulipwa na idara hizo. Basi katika hesabu ya tume huenda wasionekane kabisa. Mtu akikwambia tume fulani ni rahisi, muulize kwanza watumishi wake wametoka wapi.

Muda nao hula fedha. Huko Uingereza, tume ya Sir John Chilcot juu ya vita vya Iraq ilianza 2009 ikatoa ripoti 2016. Iliundwa na wajumbe 5 tu, lakini ilitumia zaidi ya pauni milioni 10.

Ama upande wa watu, tutazame mfano wa kwetu. Katika miaka ya 1930 wakulima wengi wa Unguja na Pemba walizama katika madeni, na mashamba yao yalikuwa rehani. Mwaka 1932 Sir Alan Pim, aliyetumwa na Waziri wa Makoloni, alitoa ripoti juu ya fedha za Serikali ya Unguja. Mwaka 1934 zilipotungwa sheria za ardhi na karafuu, Serikali ya India ilimtuma mtumishi wake, K. P. S. Menon, atazame zinavyowagusa Wahindi. Mwaka 1936 ikatoka ripoti ya B. H. Binder, mtaalamu wa mahesabu, juu ya biashara ya karafuu. Mwaka uliofuata sheria mpya ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha wakati ule mamlaka ya kununua karafuu za kusafirishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na mapatano hayakupatikana mpaka 1938.

Wote watatu walikuwa watu wenye elimu. Lakini kila mmoja alijibu suala alilopewa na aliyemtuma, na hapana hata mmoja aliyekuwa mwenye shamba. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena tukumbuke kuwa hazina ya Unguja siku zile ilitegemea mno ushuru wa karafuu. Kila shilingi iliyotoka hazina, sehemu yake ilitoka mkononi mwa mkulima.

Kwa hivyo, ikija tume juu ya zao letu, tuulize mambo manne: nani kawachagua wajumbe, nani huwalipa makarani, nani huiandika ripoti, na mkulima ana kiti, au ataitwa kutoa ushahidi tu? Na tuombe hesabu ya tume itangazwe, na ripoti itoke kwa Kiswahili. Mwenye kulipa ana haki ya kusoma alichokilipia.

Wabillahi tawfiq.

Katibu