Mnyiri, Tezi na Umande: Istilahi za Mimea Ilayo Wadudu katika Barua za Darwin

Mfasiri anayeletewa barua za Charles Darwin kuhusu mimea ilayo wadudu aghalabu hudhani kuwa ugumu utatoka katika majina ya Kilatini. Sivyo. Majina hayo huandikwa kwa matamshi yetu, yaani drosera, dionea na utrikularia, na kazi ikaendelea. Ugumu umo katika kitenzi kidogo sana, -la.

Katika kiangazi cha 1860 Darwin alikuwa Hartfield, Sussex, nchini Uingereza, alipoona jinsi drosera, mmea mdogo wa ardhi ya majimaji, ulivyojaa wadudu waliokufa. Alichuma mimea 12 yenye majani 56 yaliyokunjuka. Kati ya majani hayo, 31 yalikuwa na wadudu au mabaki yao. Mwezi Novemba alimwandikia mwanajiolojia Charles Lyell ya kwamba kwa wakati ule drosera ilimshughulisha kuliko asili ya spishi zote duniani, ingawa mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu achapishe kitabu chake juu ya asili hiyo.

Mwaka 1863, akimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alisema kwa mzaha kuwa drosera ni mmea wa ajabu, au tuseme ni mnyama mwenye busara. Hapa Kiswahili kina nyenzo ambayo Kiingereza hakina. Mmea “unashika”, mnyama “anashika”. Mfasiri akibadili upatanisho mahali pale pale panapohusika, mzaha utasikika bila maelezo. Lakini asiubebe mzaha huo hadi katika taarifa za majaribio. Huko mmea ubaki kuwa mmea.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendelei “mmea mla wadudu” katika matini ya kisayansi. Neno “mla” ni la mtu au mnyama, na ukifika katika wingi utajikuta umeandika “mimea wala wadudu”, maneno ambayo msomaji wa haraka ataona yanakanusha. “Mmea ulao wadudu” na “mimea ilayo wadudu” hayana kasoro hiyo.

Juu ya jani la drosera kuna vijiti vyembamba vilivyosimama. Darwin alihesabu wastani wa 192 kwa jani. Kila kimoja kina tezi kwenye ncha, na tezi hutoa tone la utelezi linalong’aa, ndiyo maana Waingereza wakauita mmea huo umande wa jua. Tumeona rasimu zinazoviita vijiti hivyo “vinyweleo”. Hilo halitoshi. Darwin mwenyewe alichagua kwa makusudi jina la viungo vya mnyama, kutokana na namna vinavyoinama na kushika windo. Sisi tunalo neno mnyiri, mkono wa pweza, na mvuvi wa pwani hahitaji kuelezwa mnyiri hufanya nini.

Suala zito zaidi ni hili: je, jani huua tu, au pia hujilisha? Darwin aliweka juu ya majani nyama, vipande vya ute wa yai, na hata vipande vya kioo. Aligundua kuwa majimaji ya tezi huwa na asidi yakishapata chakula chenye protini. Alipoizimua asidi hiyo kwa alkali, ute wa yai uliacha kumong’onyoka. Alipotia asidi kidogo, kazi ikaanza tena. Mfasiri akiandika hapa “huyeyusha”, ameiua hoja yote, kwani sukari pia huyeyuka katika chai. Akiandika “huozesha” amekosea zaidi, maana Darwin alikuwa akionyesha tofauti na kuoza. Neno ni -meng’enya, lile lile litumikalo kwa tumbo la binadamu, kwa kuwa ulinganisho huo ndio aliokusudia. Hata hivyo tuwe waangalifu na “kimeng’enya”. Barua hizo zinataja chachu inayofanana na pepsini, na mfasiri asimtilie mwandishi dhana iliyokuja kukomaa baada yake.

Kuhusu “hisi” tuna shaka vilevile. Mnyiri uliitikia kipande cha unywele chenye uzito wa miligramu 0.000822 tu. Mwaka 1873 John Burdon Sanderson, kwa ombi la Darwin, alipima mkondo wa umeme katika jani la dionea linapojifunga. Lakini jani halina mishipa ya fahamu. Tuandike “kichocheo” na “mwitiko”, na “kuhisi” tuliache kwa mahali ambapo Darwin mwenyewe analinganisha na mnyama.

Mary Treat wa New Jersey, aliyechunguza vibofu vya utrikularia na kumwandikia Darwin matokeo yake, aitwe “Bibi Treat” kila mahali. Darwin alimtaja kwa heshima katika kitabu chake cha 1875, nasi hatuna ruhusa ya kumpunguzia.

Limebaki neno moja. Kwa darubini Darwin aliona rangi ya zambarau ndani ya seli za mnyiri uliochochewa ikijikusanya kuwa madonge yanayobadilika umbo. “Mkusanyiko” linanukia mkutano wa hadhara. Kwa sasa tumeandika “mrundikano”, na tutashukuru kupokea pendekezo bora kutoka kwa walimu wa biolojia.