Je, Wajua? Njaa ya Baba, Umri wa Mwana

Je, wajua kwamba mateso ya askari aliyetekwa vitani yanaweza kumfupishia maisha mwanawe, hata kama siku hizo mtoto hajatungwa mimba?

Yalitokea Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865. Kubadilishana mateka kuliposimama, kambi zilifurika. Andersonville, Georgia, ilijengwa kwa watu 10,000. Agosti 1864 ilikuwa na zaidi ya 30,000, bila jengo la kulala. Walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa pamoja na magunzi. Kijito kimoja ndicho kilichokuwa maji ya kunywa, ndicho choo. Kiseyeye kiliwang'oa meno. Karibu 13,000 walifia humo.

Walionusurika walirudi nyumbani, wakazaa. Watoto wa kiume waliozaliwa baada ya vita, wakishavuka miaka 45, walikufa mapema kuliko wana wa askari ambao hawakutekwa. Mapema hata kuliko kaka zao, damu moja, waliozaliwa kabla ya vita!

Mabinti hawakuguswa.

Na ajabu zaidi: kwa wana waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, ambao mama zao walikula vizuri zaidi katika ujauzito, athari hiyo haikuonekana.