Mwendo wa Kisumu hadi Nairobi: Kilomita au Saa?

Neno 'mwendo' hubeba maana mbili kwa pamoja: umbali, na muda wa kuukata. Mkazi wa Nyalenda anayewahi mazishi au usaili wa kazi jijini Nairobi huuonja utata huo. Kwa mstari ulionyooka, kiwanja cha ndege cha Kisumu na kile cha Jomo Kenyatta vimeachana kilomita zipatazo 280. Barabara ya Kericho na Nakuru, kwa kupinda na kupanda kwake, hukaribia 350, nayo hula saa sita au saba. Ndege iendayo kilomita 700 kwa saa ingepaswa kufika kwa dakika 24, lakini ratiba husema takriban 50. Safari fupi kama hii karibu yote ni kupaa na kushuka. Kasi kamili haidumu. Tena ratiba haihesabu bodaboda ya kutoka Nyalenda, kusini-mashariki mwa mji, hadi kiwanjani upande wa pili, wala ukaguzi, wala (balaa lenyewe) msongamano wa Nairobi. Mlango kwa mlango, dakika 50 huzaa saa nne hivi. Kumbe basi la usiku, lidharauliwalo na wenye haraka, huachwa nyuma kwa saa chache tu, na nauli yake ni nafuu mno.