Sigara ya umeme: wati ngapi zinatosha?

Siku hizi mu Lubumbashi, ukipita ku maduka ya telefoni, unaweza kuona karibu na sharjeri kadude kadogo ka chuma ao ka plastiki: sigara ya umeme, ile vijana wanaita vape. Tuseme mutu wa mugodi anainunua juu ya kuacha sigara ya moto. Anasafiri nayo mupaka Pweto, kule muto Luvua unatokea mu ziwa Moero, ao anaenda nayo ku karieri ingine ya mbali. Ku duka walimuambia neno moja tu: « Weka ku 60, utaona moshi! » Kisha siku tatu koo inamuuma, mu kinywa anasikia ladha ya nguo ya kuungua, na rezistansi ya kubadilisha haiko karibu. Anarudilia sigara yake ya zamani na anasema kintu kile ni cha bule.

Mara mingi kintu chenyewe hakina kosa. Kosa iko mu ile namba 60. Leo tutaona namba ile inapima nini, namna gani kila mutu anaweza kupata namba yake, na kwa sababu gani jambo hili linamuangalia zaidi mutu ambaye mapafu yake yanakula vumbi kila siku.

Mukuba na waya ya moto

Wachimbaji wanajua mukuba. Tunautengeneza waya za umeme juu unapitisha kuriyanti karibu bila kuizuia. Ndani ya vape kunaombwa kinyume: waya yenye kuzuia kuriyanti, mupaka ipate moto. Mara mingi waya ile ni ya nikeli na kromu, ao ya chuma, kromu na aluminyamu. Ile ya nikeli na kromu inazuia kuriyanti zaidi ya mara 60 kupita mukuba.

Kule kuzuia njo rezistansi, na inapimwa kwa omu (alama yake ni Ω). Waya inazungushwa kuwa kaspringi kadogo, ndani yake kunawekwa pamba, na pamba inakunywa maji ya nikotini. Ukifinya kifungo, batri inatuma kuriyanti, waya inapata moto, maji yanageuka mvuke, na wewe unavuta. Hakuna kintu chenye kuwaka sawa tumbaku inavyowaka. Kama kunawaka, njo kusema kipimo kimekosewa.

Wati (W) inaonyesha ni moto kiasi gani unatoka mu kila sekunde. Hesabu yake ni ya shule: kamata volti, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa omu. Batri ya kawaida iko na volti 3,7. Kama rezistansi ni ya omu 1,2, unapata karibu wati 11. Kama ni ya omu 0,5, unapata wati 27. Kama ni ya omu 0,2, unapata wati 68. Batri ni ile ile, lakini moto umezidi mara 6. Njo maana mutu hawezi kukuambia « weka ku 60 » kama hajaangalia kwanza rezistansi yako. Namba yenye kufaa kwa rafiki yako inaweza kuunguza pamba yako mu dakika moja.

Mama mwenye kupika bukari anajua jambo hili. Makala kidogo sana, maji hayachemuki. Makala mingi sana, chini kunaungua na juu kungali kubichi. Sufuria njo inaamua moto, si ukubwa wa mufuko wa makala.

Moto ukizidi, kunatoka nini?

Maji ya vape yanatengenezwa zaidi na vitu viwili: propileni glikoli na gliserini. Ya kwanza inachemuka ku digri 188, ya pili ku digri 290. Pamba ikiwa imelowana, maji yenyewe yanapoza waya. Wati zikizidi, maji yanaisha mu pamba mbele ingine haijafika. Pamba inakauka, moto unapanda, na maji yale yanavunjika kuwa vitu vingine: formaldehidi, ile dawa ya kuchunga maiti, pamoja na akroleini, yenye kuchoma koo na macho.

Mu mwaka 2015, watafiti wa chuo kikuu cha Portland State, kule Marekani, walitangaza kipimo chao. Ku volti 3,3 hawakuona formaldehidi. Ku volti 5, machine ile ile ilitoa mingi. Magazeti yaliandika kama vape ni mbaya kupita sigara. Kisha watafiti wengine, na Farsalinos wa Ugiriki kati yao, walionyesha kama kwa moto wa namna ile mvuke unakuwa na ladha mbaya sana, mutu mwenye kuvuta anaisikia na anaacha. Wakishusha nguvu, vitu vile vinapunguka sana.

Tukiweka maneno yote mawili pamoja, tunapata funzo moja: ladha ya kuungua ni onyo, sawa kengele. Mutu mwenye kusema « nitazoea » anazoea sumu.

Namna ya kutafuta namba yako

Kwanza, soma rezistansi. Ku ubavu wake wanaandika omu, na mara mingi wanaandika pia wati: kwa mufano 1,2 Ω, 10–13 W. Maandishi yale njo mupaka wako. Ukikosa maandishi, vape nyingi zenye kioo zinaonyesha omu zenyewe.

Pili, lowesha pamba mupya. Tia matone machache juu yake, jaza maji, kisha ngoja dakika 10. Rezistansi mingi zinakufa siku ya kwanza juu mutu hakungoja.

Tatu, anzia chini. Kama wameandika 10–13, weka 10. Vuta mara tatu, pole pole, ukipumzika kati. Kisha panda wati moja, vuta tena mara tatu. Mvuke ukiwa wa vuguvugu na ladha iko safi, simama pale. Usiendelee kupanda juu ya kuona tu kama itafika wapi.

Ine, ukisikia koo inakauka ao ladha inakuwa ya makala, acha palepale. Angalia kama maji yangali, shusha wati mbili, ngoja. Ladha ile ikirudia, pamba imekwisha kuungua na haitapona. Badilisha rezistansi.

Tano, kumbuka baridi. Mu mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi ya Lubumbashi maji yenye gliserini mingi yanakuwa mazito sawa mafuta, yanachelewa kuingia mu pamba. Saa zile shusha wati kidogo, ao pasha kwanza kintu mu mukono.

Vile vidude vya kutupa, vyenye watu wanaita puff, mara mingi havina namba ya kubadilisha. Vikianza kuleta ladha ya kuungua, vimekwisha. Usivute tena juu ya kuokoa makuta.

Haitoshi? Angalia nikotini kwanza

Hapa njo watu wengi wanapotea. Mutu alizoea paketi moja ya sigara kwa siku. Anavuta vape, lakini hamu haiishi. Anapandisha wati: 15, 20, 30. Moshi unajaa nyumba, maji yanakwisha upesi, franka zinaenda, na hamu ingali pale.

Kintu alichokosa ni nikotini, na dawa ya hamu haiko mu moshi. Iko mu namba ingine, ile imeandikwa ku chupa: miligramu ngapi mu mililita moja. Kwa mutu mwenye kuvuta sawa sigara, kinywa kwanza kisha mapafu, rezistansi ya omu 0,8 ao zaidi na wati kati ya 8 na 18 zinatosha, na maji yanaweza kufika miligramu 20, mupaka wa sheria ya Ulaya. Vape kubwa za wati 40, 60 ao zaidi zinatumikishwa na maji mepesi ya miligramu 3 ao 6, juu zinatuma mvuke mingi kwa mara moja. Ukichanganya wati za juu na nikotini ya juu, kichwa kinazunguka, moyo unapiga mbio, unatapika.

Kwa hiyo, ukisikia haitoshi, uliza kwanza chupa. Wati ziache mahali pake.

Batri, panneau na shimo

Dunia inapata karibu sehemu 7 kati ya 10 za kobalti yake kutoka Congo, na sehemu kubwa inatoka Katanga yetu. Batri mingi za litiyumu zina kobalti ndani. Jiwe lilitoka kwetu, likatembea mupaka China, likarudia mu mufuko wako. Lakini likirudia, liko na nguvu ya kuunguza nyumba.

Batri ya vape inajaa ku volti 4,2. Panneau ya jua, ile wanaita ya volti 12, mu jua kali inaweza kupita volti 18. Kwa hiyo usifunge hata siku moja waya za panneau moja kwa moja ku batri ao ku vape. Pitia ku regulateri yenye prizi ya USB ya volti 5. Usisharji chini ya muto wa kulalia wala mu gari lenye jua. Batri ya kutosha usiibebe mu mufuko pamoja na funguo ao makuta: chuma ikigusa pande mbili, kuriyanti inapita yote kwa mara moja na batri inawaka.

Tena, wenye kupenda omu za chini wahesabu amperi. Volti 3,7 ku omu 0,2 ni amperi 18 na nusu. Batri mingi zimeandikwa amperi 10 tu. Hapo hatari haiko tena mu ladha, iko mu mukono.

Na mu shimo? Karibu na baruti, mazutu ao petroli, kintu chenye waya ya moto hakiingie. Kiache juu, pamoja na sigara na kiberiti.

Mapafu yenye vumbi

Tuseme waziwazi. Mutu wa mugodi hana mapafu sawa ya mutu wa biro. Vumbi ya jiwe iko na silika. Silika ikiingia miaka na miaka, inaacha makovu mu mapafu, na ugonjwa ule, silikozi, unafungulia kifua kikuu mulango. Tumbaku juu yake inazidisha kazi ya kuharibu.

Vape inaweza kusaidia kutoka mu sigara. Mu Uingereza walifuata watu 886 na kutangaza matokeo mu mwaka 2019: kisha mwaka muzima, watu 18 kati ya 100 waliopewa vape walikuwa wameacha sigara, na karibu 10 kati ya 100 waliopewa dawa zingine za nikotini. Lakini wengi wa wale wa vape walikuwa wangali wanaivuta. Haiko mvuke wa maji tu, na mutu ambaye hakuvuta tumbaku hana sababu ya kuianza. Kuvuta vape asubuhi na sigara mangaribi hakusaidii mapafu: faida inakuja paka siku sigara imekwisha yote.

Maji ya kununua bila jina, kimbia. Mu Marekani, mupaka mwezi wa 2 wa 2020, watu 2.807 waliingia mu hospitali ao walikufa juu ya ugonjwa wa mapafu wa vape, na waliokufa walikuwa 68. Zaidi ilikuwa maji ya bangi ya kuuzwa kwa kujificha, yenye mafuta ya vitamini E. Hakuna wati yenye kusafisha maji mabaya.

Mama wa nyumba, chupa ya nikotini ichungwe sawa dawa ya panya. Inanuka matunda, mutoto ataona ni sirupu, na kidogo tu kinaweza kumuua. Na mutu mwenye kukohoa majuma mawili ao zaidi, kupunguka uzito ao kutema damu, asitafute namba mu vape. Aende wamupime kifua.

Mbele ya kupanda gari

Wewe mwenye kurudilia Pweto, fanya mambo haya ungali Lubumbashi. Nunua rezistansi tatu za namna moja, yenye omu ile ile. Fungua moja palepale ku duka, ilowesha, ngoja dakika 10, tafuta namba yako ukianzia chini. Andika namba ile ku karatasi, pamoja na miligramu za chupa, na uiweke mu mufuko. Mutu akikuambia ku karieri « panda ku 60 », muonyeshe karatasi.

Kisha, kila mwezi, jaribu kushusha miligramu kidogo. Wati unazitafuta juu pamba isiungue. Miligramu unazishusha juu siku moja ukirudilia Lubumbashi usiwe tena na kintu cha kununua.