Galaksi zinavyopinda nuru na kuwatatiza wapimaji wa ulimwengu

CHUKULIA kwamba magari mawili yameondoka Nairobi kwa wakati mmoja kuelekea Juja. Moja limefuata Barabara Kuu ya Thika, jingine limezunguka kupitia Barabara ya Mombasa na Eastern Bypass hadi Ruiru. Anayesubiri Juja ana mchoro wa njia hizo, ila hauna kipimo cha kilomita. Kwa tofauti ya muda wa kuwasili aweza kukadiria umbali, mradi ajue palipo na msongamano.

Wanafalaki hupima masafa ya ulimwengu vivyo hivyo. Kitu kizito, alivyoeleza Albert Einstein, hupinda njia ya nuru. Galaksi ikiwa mbele ya nyingine huwa kama lenzi, na mtazamaji huona sura mbili au zaidi za kitu kimoja. Mwaka wa 1964, Sjur Refsdal wa Norway alipendekeza tofauti ya muda baina ya sura hizo itumiwe kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu.

Sura pacha za kwanza ziligunduliwa 1979 na Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann. Zilikuwa za kwasari, yaani kiini king'aacho mno cha galaksi ya mbali. Mng'ao ukibadilika katika sura moja, pacha wake hufuata baada ya siku 417 hivi.

Tatizo ni lenzi yenyewe. Uzito wa galaksi umelundikana katikati na kupungua kandoni, na sehemu kubwa ni maada giza isiyotoa nuru. Galaksi mbili zenye mpangilio tofauti wa ndani zaweza kuleta sura zile zile angani, lakini masafa yakatofautiana. Isitoshe, lenzi ya 1979 imo katika kundi la galaksi, nalo kundi zima huchangia kupinda nuru.

Kenya ina fungu lake hapa, ingawa hatulitaji mara nyingi. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru, ikaitwa Uhuru. Ilibaini eksirei zilizotanda ndani ya makundi ya galaksi, ambazo chanzo chake ni gesi yenye joto kali mno. Uzito unaoonekana pekee haungetosha kuizuia gesi hiyo isitoroke. Kwa hivyo joto lake ni mizani ya kupimia kundi.

Mnamo 2020, watafiti wa TDCOSMO walichanganua upya lenzi saba bila kushikilia dhana za awali kuhusu umbo la galaksi. Kasi ya kutanuka ilibaki takriban kilomita 74 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka milioni 3.26 ya nuru, lakini kiwango cha shaka kikapanda kutoka asilimia 2 hadi 8. Walipoongeza takwimu za galaksi nyingine 33, ukiwemo mwendo wa nyota zake, ikashuka hadi 67.

Kasi ikiwa 67, ulimwengu ni mkongwe kuliko ikiwa 74.